Nafasi ya Transfoma

3 Februari

Kwako Fyuzi wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye hamu ya kula. Ukiuliza habari zangu, mimi ni mzima wa kujikongoja. Magoti yananung'unika, kifua kimetulia, ulimi bado mkali kama unavyoujua.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Simu mimi na wewe hatuiwezi. Wewe ukisikia sauti yangu unalia, na mimi ukilia nakohoa, basi tunakata bila kuambiana kitu. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Sababu ya kuandika ni hii. Juzi nilikuwa natoa vumbi chini ya meza ya karakana, nikakuta kisanduku chetu. Kile cha bati, cha kugeuza umeme wa ukutani uwe volti kumi na mbili zilizotulia, tulichokianza miezi ile ya mwisho kabla hujasafiri. Nilikaa nacho mapajani muda mrefu. Matundu manne uliyotoboa ya skrubu za transfoma bado yapo, na moja limekwenda upande, maana nilikuambia ushike drili kwa mikono miwili ukajifanya kiziwi. Waya ziko tayari, swichi iko tayari. Nafasi ya transfoma iko wazi, miaka tisa sasa.

Nataka kikamilike, mwanangu. Redio za watu hadi leo nazijaribu kwa betri ya gari, na betri yenyewe imechoka kuliko mimi. Wewe uko kiwandani, unashinda na vitu hivi. Nipigie hesabu upya: transfoma ipi, kapasita gani, rezista gani. Nikifunga kifuniko chake, moyo utatulia.

Majirani wote wanakusalimu isipokuwa mmoja, na huyo sitaki hata salamu zake.

Ni mimi,
Baba yako


24 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, na glavu za kazini mikononi, nikashindwa kugeuza ukurasa mpaka nikaivua moja kwa meno. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nafanya kazi. Magoti yako yape pole, yaambie nimesema yaache kelele.

Lakini Baba, mbona maandishi yamekuwa makubwa hivyo? Maneno manne yanamaliza mstari! Zamani ulikuwa unazibana herufi kama watu kwenye picha ya harusi.

Haya fundi, chukua penseli. Umeme wa ukutani unaingia kwenye transfoma, nayo inaushusha. Dayodi nne zinaunyoosha uende upande mmoja. Kapasita kubwa inafukia mabonde ya umeme huo. Mwisho regyuleta inakata kinachozidi, zitoke volti kumi na mbili zisizopanda wala kushuka. Rezista mbili ndizo zinazoiambia regyuleta ikate wapi: moja ya omu mia mbili arobaini, nyingine ya elfu mbili. Regyuleta nimeifunga humu kwenye karatasi ya kung'aa. Rezista tumia zako, makopo yako yamejaa, na zile rangi zinazotaja omu zake sikuandikii. Wewe ndiye uliyenifundisha kuzisoma zile rangi kabla sijajua a e i o u.

Transfoma chukua ya volti kumi na mbili, ampea moja na nusu. Zikishanyooshwa na kujaa kwenye kapasita zinapanda mpaka kumi na tano na ushei, regyuleta inapata nafasi ya kupumua. Ukichukua kubwa kupita hapo, kinachozidi kinageuka joto la bure. Ile yetu ya zamani achana nayo.

Chumba changu ni kidogo, nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Kina dirisha moja, na ile picha niliyokutumia mwaka jana nilipigwa hapo dirishani. Uliiona? Hukuniambia neno. Kazini nakaa benchi la saba, napima vifaa vya kuchajia mia nne kwa siku, na vyote ni vizima. Nimekumbuka vitu vibovu, Baba. Nimekumbuka harufu ya solda yako, na wewe ukiitukana redio ya mtu mpaka inaimba.

Vibali vyangu bado. Nikitoka kabla havijakamilika, mlango wa kurudi umefungwa. Tuvute subira.

Binti yako,
Fyuzi


22 Machi

Kwako Fyuzi,

Marahaba mwanangu. Mimi sijambo, magoti nimeyapa salamu zako, hayajajali.

Maandishi ni makubwa kwa sababu karatasi ni yangu na wino ni wangu. Picha niliiona. Umependeza, umenenepa, hongera.

Sasa tuje kwenye kazi. Hesabu zako ni safi kama za kitabuni, na hapo hapo ndipo penye kasoro. Nilipata transfoma ya kumi na mbili kwa muuza vyuma chakavu. Kabla ya kuifunga nikaipima, kama nilivyokufundisha. Mchana inatoa kumi na mbili, hewala. Saa kumi na mbili jioni nikaipima tena: nane na pointi tisa! Fyuzi, umeusahau umeme wa hapa? Umemsahau mchomeleaji wa mageti ng'ambo ya barabara, akigusa chuma chake mtaa mzima unafifia? Umezisahau saluni, na mashine ya kusaga, na pasi za watu wanaotoka kazini? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unasema taa inasinzia, tuiimbie iamke. Jioni hapa ukutani ni volti mia na sabini, siku nzuri hiyo. Wewe umeweka mia mbili na thelathini, umeme wa huko uliko. Mwanangu, umeipigia hesabu nyumba nyingine.

Ningekuambia sikukasirika, lakini nilikasirika. Hasira ilikaa kama dakika kumi. Ilipotoka ikaniachia huzuni, na hiyo bado ipo.

Ile ya zamani niliisuka kwa mkono, volti kumi na sita, kwa ajili ya jioni za hapa. Mimi nazungusha waya, wewe unahesabu mizunguko, ukikosea tunaanza upya na unanuna. Unaniambia niachane nayo, nitaachaje? Iliibwa wiki ileile uliyoondoka, na mwizi namjua. Ni Fundi Saa, huyu tuliyepakana ukuta. Ni yeye tu aliyekuwa na ufunguo wangu wa akiba. Nilimwendea nikamwambia peupe, naye akaniwekea ufunguo mezani akaondoka. Miaka tisa hatujasalimiana. Anapita na saa zake, napita na redio zangu, na wewe unajua mimi na yule tulivyokuwa tukinywa chai kila asubuhi.

Nipe hesabu nyingine.

Baba yako


30 Aprili

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana. Mwili hauna ugonjwa.

Ulivyoandika kwamba nimeipigia hesabu nyumba nyingine, nililia chooni kiwandani mpaka msimamizi akaja kugonga mlango. Nilimwambia ni vumbi. Huku hakuna vumbi, Baba, wanafagia mara tatu kwa siku. Nilisahau jioni ya kwetu. Nakumbuka rangi ya mlango, nakumbuka kopo la skrubu lililopasuka mdomo, nakumbuka hata mlio wa mchomeleaji, lakini taa kusinzia niliisahau. Nimekaa nikijiuliza ni kipi kingine kimenitoka bila mimi kujua.

Nifanyie kitu kimoja. Pima umeme wa ukutani siku nzima, kila baada ya saa chache, uniandikie. Nataka nipige hesabu ya nyumba yetu na si nyingine. Kwa sasa najua kwamba transfoma isipungue volti kumi na tano, kumi na sita ni bora. Mchana itazidi kidogo, kwa hiyo regyuleta ifunge kwenye kipande kinene cha alumini ipoe. Au suka nyingine, Baba. Nani anasuka kama wewe?

Kuhusu Fundi Saa, una hakika? Ulimwona kwa macho yako? Msalimie tu. Salamu haimtoi mtu damu.

Binti yako,
Fyuzi


28 Mei

Kwako Fyuzi,

Marahaba. Hali ni njema, magoti tusiyazungumze.

Vipimo vyako hivi hapa. Saa moja asubuhi, mia mbili na kumi na tano, watu bado wanapiga mswaki. Saa nne, mia mbili na mbili, saluni imefungua, kicheko cha yule mama wa saluni nakisikia mpaka hapa. Saa saba mchana umeme unapanda, mia mbili na kumi na nane, maana mchomeleaji anakula, halafu analala kwenye mageti ya watu. Saa kumi, mia na themanini na tisa. Saa kumi na mbili jioni, mia na sitini na nane, na mashine ya kusaga inalia kama inadai talaka. Saa mbili unaanza kurudi taratibu. Nimekaa siku tatu na mita yangu ya tarakimu kubwa, wapita njia wanadhani nimepungukiwa.

Kusuka siwezi tena, ule waya mwembamba wa shaba siku hizi unanipotea mkononi. Nimechomoa transfoma ya kumi na tano kwenye amplifaya iliyokufa. Ni nzima, ila haiingii. Matundu yako manne yanaikataa. Nimeifungia kwenye ubao nje ya kisanduku, imekaa hapo kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Nimelehemu kila kitu. Nimewasha. Fyuzi, inatoa sita na nusu! Asubuhi sita na nusu, jioni sita na nusu, imetulia kabisa, lakini ni nusu ya njia. Regyuleta uliyonitumia ni mbovu. Huko kiwandani kwenu wanakupa makapi.

Huyo bwana wa saa sijamsalimu na sitamsalimu.

Baba yako


15 Juni

Shikamoo Baba,

Uko salama? Safari hii nauliza kwelikweli, na nataka unijibu kwelikweli.

Regyuleta si mbovu. Kitu kibovu hakitulii asubuhi na jioni kwenye namba ileile. Imetulia kwa sababu inatii. Nilichukua karatasi nikarudi kinyumenyume: kama mia mbili arobaini ni sahihi, rezista ya pili iwe ngapi ndipo zitoke sita na nusu? Jibu ni elfu moja. Nilirudia mara tatu. Umefunga ya elfu moja mahali pa elfu mbili.

Elfu mbili ni nyekundu, nyeusi, nyekundu. Elfu moja ni kahawia, nyeusi, nyekundu. Baba, wewe ulikuwa unanirushia rezista kutoka upande wa pili wa chumba, unataja rangi zake ikiwa bado hewani. Ulikuwa unazitenganisha kwa mwanga wa kiberiti. Leo umeweka kahawia ukaiona nyekundu?

Nimezitoa barua zako zote nikazipanga. Herufi zinakua. Ile ya mwisho mistari inapandiana.

Baba, unaona?

Binti yako,
Fyuzi


9 Septemba

Kwako Fyuzi,

Marahaba, na unisamehe. Karibu miezi mitatu nimekuacha na swali lako. Najua umepiga simu, nilikuwa naiangalia inalia.

Sioni vizuri, mwanangu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Nina watoto wawili sasa, mmoja ameniingia machoni na mwingine yuko mbali, na wote wawili hawanisikilizi. Rangi ndizo zilizotangulia kuondoka. Nyekundu imekuwa kahawia, bluu imekuwa kijivu, halafu sura za watu zikawa kama ziko nyuma ya chupa ya mafuta. Nawajua wateja kwa sauti, na barua zako nazisomea juani, neno moja moja.

Barua yako iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Wiki nzima nilikaa na kisanduku, nikipapasa makopo ya rezista, natafuta nyekundu kwa vidole kama mwehu. Mwisho nikakubali yaishe. Nikatoka, nikapiga hodi kwa Fundi Saa. Miaka tisa, Fyuzi! Alifungua akaushika mlango, nadhani alidhani nimekuja kupigana. Nikamwambia, "Nisomee rangi." Akarudi ndani, akachukua ile lenzi yake ya kubana jichoni, tukaja karakana. Akainama, akasema, "Hii kahawia, bwana." Akanitafutia nyekundu. Nikailehemu kwa kupapasa, yeye akiniongoza, kushoto kidogo, hapo hapo, tulia. Tukawasha. Kumi na moja na pointi nane, mchana na jioni! Hesabu zako zimetoka sawa, hongera fundi.

Nilifurahi mpaka nikamwambia nimemsamehe ile transfoma. Weee! Aliwaka. "Unanisamehe nini? Sikuiba! Msamaha wako ukausuke uuvae!" Akapiga mlango. Kesho yake asubuhi akaja na birika lake la chai, akakaa akinipa mgongo hadi tukamaliza birika. Mwizi mwenye kiburi namna ile sijawahi kuona.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakificha. Daktari alitaka kunipasua tangu mwaka juzi. Anasema ni kazi ndogo, watu wanatoka wakitembea wenyewe. Anasema pia nikizidi kukawia yatakomaa, na kuyatoa itakuwa shida. Mimi ndiye niliyekataa. Siku ile unaondoka sikukusindikiza. Nilijifanya nina kazi, nikainama na chuma cha solda mkononi, ukasema "Baba naenda," nikasema "Haya." Chuma kile kilikuwa baridi, Fyuzi. Sikuwa hata nimekichomeka kwenye umeme. Nilikiinamia ili nisikuone unatoka. Basi nimejiwekea kwamba siku nikifunguliwa bandeji, wa kwanza kumwona uwe wewe. Nilikunyima macho yangu siku ile, nataka nikulipe. Vibali vikitoka, utakuja, nitapasuliwa.

Baba yako


27 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakuandikia huku nalia na sijali.

Nenda. Usinisubiri. Ukiipokea barua hii asubuhi, mchana uwe kwa daktari. Unataka kunilipa macho kwa kuyaua? Hiyo ni hesabu gani? Mtu aliyenifundisha kupima kabla ya kufunga leo anakaa na macho yanakomaa kwa ahadi aliyojipa mwenyewe bila kuniuliza! Mimi ndiye Fyuzi, ulinipa jina hilo kwa sababu nakatika upesi, na leo nimekatika.

Na ile siku, Baba, nilijua chuma ni baridi. Hakikuwa kinatoa moshi. Nilisimama mlangoni nikingoja uinue kichwa, nikahesabu mpaka thelathini kama tulivyokuwa tunahesabu mizunguko. Nilipofika thelathini nikaondoka na hasira, na katika hasira ile nilifanya jambo ambalo limenikaa kooni mpaka leo. Nitakuambia. Ila nataka nikuambie ukiwa unaona, uone sura yangu ninavyosema.

Mwambie Fundi Saa akupeleke. Akikataa, mwambie ni mimi nimemwomba, na kwamba ninamheshimu sana. Mwambie hivyo hivyo.

Ukipona, niandikie kwa herufi ndogo.

Binti yako,
Fyuzi


12 Novemba

Kwako Fyuzi wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Umeziona herufi? Zimebanana tena kama watu kwenye picha ya harusi. Daktari alianza la kulia, baada ya wiki tatu la kushoto. Fundi Saa alinipeleka mara zote mbili kanishika mkono kama bibi harusi, huku akinilaumu njia nzima kwamba natembea polepole.

Siku ya kufunguliwa bandeji ya kwanza sikutaka kufumbua. Muuguzi akasema, "Mzee, fumbua basi, wengine wanasubiri." Nilikuwa nimebeba picha yako mfukoni mwa shati. Nikaitoa, nikaiweka mbele ya uso, ndipo nikafumbua. Kwa hiyo ahadi yangu nimeitimiza kwa namna yake, wa kwanza niliyemwona ni wewe.

Mwanangu. Nilikuandikia kwamba umenenepa. Nilikuwa naona kivuli tu, nikasema la kumfurahisha mtu. Umekonda. Una mvi mbili tatu upande wa kushoto, palepale zilipoanzia za marehemu mama yako. Umevaa sweta la bluu, bluu kabisa, nilikuwa nimesahau bluu ilivyo. Unacheka, lakini macho hayacheki. Nililia, na muuguzi akanigombeza kwamba machozi hayaruhusiwi wiki ya kwanza.

Nikairudia picha nyumbani, mchana, mlangoni kwenye mwanga. Nikatazama kila kitu, nilikuwa na njaa ya kutazama. Pazia. Kikombe. Dirisha limefunguliwa nusu, na chini yake limezuiwa na kitu lisijifunge.

Fyuzi. Utepe mwekundu nilioufunga mwenyewe. Namba kumi na sita kwa rangi nyeupe, kwa mkono wangu.

Nilikaa chini palepale kizingitini. Kwanza nilitaka kukasirika, nikaitafuta hasira nikaikosa. Nikakumbuka umeandika jambo limekukaa kooni. Nadhani nimelijua bila kuambiwa. Uliichukua ili nisikimalize kisanduku bila wewe. Kama ndivyo, ulifanikiwa, sikukimaliza.

Halafu nikaamka nikaenda kwa Fundi Saa, mikono nyuma kama mtoto wa shule. Nikamwekea picha mezani. Akaweka lenzi jichoni, akaitazama, akaitazama, akasema, "Mwizi wako amependeza kunizidi." Nikamwomba radhi. Miaka tisa ya chai, nitamlipaje? Akasema nitamlipa kwa kuwahi kuamka na kuchemsha mimi. Tangu siku hiyo nachemsha mimi, na kila siku anasema imekuwa nyepesi.

Ile ya kumi na tano nimeifungua ubaoni nikairudisha kwenye amplifaya yake. Kisanduku kiko wazi mezani. Usiniletee transfoma yangu kwa posta, barabara ni mbovu, watu wa posta wanarusha mizigo. Ilete mwenyewe, kwa mkono.

Vibali vikitoka wakati wowote, mimi nipo, naona.

Baba yako


26 Novemba

Shikamoo Baba,

Barua hii itakuwa fupi, nina mambo mengi ya kufunga.

Ndiyo, niliichukua ili usikimalize kisanduku bila mimi. Ufunguo wa Fundi Saa hauhusiki, niliibeba mchana mchana kwenye begi langu, wewe ukiwa umekiinamia chuma chako baridi. Sikujua kwamba ulimtuhumu mpaka ulivyoniandikia mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Nitampigia magoti mwenyewe.

Na uongo wangu wa pili ni huu: vibali vilitoka mwaka jana mwezi wa nane. Nilikuwa huru kuja na kurudi muda wote huu. Sikuwa na uso. Kila nikitaka kukata tiketi nalitazama lile dirisha, najiuliza nitaingiaje mlangoni kwako na kitu kile begini. Kumbe wewe ulikuwa unaningoja kwa macho yako mawili.

Nimeipima leo kazini, kwenye benchi la saba, baada ya miaka tisa ya kushikilia dirisha. Niliipa umeme wa mia na sabini, umeme wa jioni ya kwetu. Imetoa kumi na moja na pointi nane, palepale ulipoisukia. Iko nzima, Baba. Dirisha nimelizuia kwa kitabu.

Nafika Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, jioni, taa zikiwa zinasinzia. Usije kunipokea, magoti yako yanajulikana. Kaa mezani kama siku ile, ila safari hii nikisema hodi, inua kichwa.

Skrubu nne ziweke kwenye kifuniko cha chupa. Tundu lililokwenda upande usiliguse, nitalinyoosha mwenyewe, kwa mikono miwili.

Binti yako,
Fyuzi